Mfupa wa Kukalia

Siku ile katika karakana tulikuwa watu sita, na ninawataja wote kwa sababu deni lenye mashahidi halipotei. Alikuwepo Fundi Maingi, aliyenifundisha kazi, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na alitembelea mkongojo aliouchonga mwenyewe. Alikuwepo mke wangu Mwikali. Alikuwepo mdogo wangu Kioko, aliyekuja na pikapu yake kutoka Kyuso na kukaa mlangoni kama askari, mgongo ukiwa kwetu. Alikuwepo Mama Halima, mwenye duka la vitambaa sokoni Kyuso. Nilikuwepo mimi, Kyalo. Na alikuwepo mama mkwe wangu, ambaye jina lake sitaliandika hapa. Kwetu Ukambani mkwe hatajwi jina, na mimi sijalitaja tangu nioe. Hata nikiitwa mahakamani nilitaje, nitaomba mke wangu aje aseme kwa niaba yangu.

Kabla ya kufika kwenye siku hiyo, lazima nianze mbali kidogo. Nimestaafu mwezi uliopita, na ninyi vijana wa karakana ya miguu bandia mliniomba niwaachie maandishi badala ya hotuba. Mlifanya vizuri, maana hotuba zangu mnazijua. Habari za vyeo na mishahara ziko kwenye faili ofisini, asomaye na asome. Mimi nitasema habari za mifupa, kuanzia kiunoni kwenda chini, kwa sababu huko ndiko nimefanyia kazi maisha yangu yote.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Mama alimfuata nilipokuwa darasa la saba, akaniachia wadogo watatu: Mutheu, Kioko na Ndanu, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Shule niliiacha Jumatatu, na Jumanne nilikuwa Mukuyuni kwa mjomba nikijifunza kuchonga. Nilichonga miiko. Nilichonga twiga wa kuuziwa wageni, ingawa twiga mwenyewe sikuwa nimemwona. Nikiwa na miaka kumi na saba nilipata kazi ya kuchonga magongo ya kutembelea, na nikapeleka jozi ya kwanza katika hospitali ya misheni, upande wa Kitui.

Aliyeyapokea alikuwa Fundi Maingi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, na nilidhani ni mgonjwa. Aliyasimamisha yale magongo ukutani, akayatazama kwa muda mrefu.

"Haya ni ya mtu mmoja au wawili?"

"Mmoja, mzee."

"Na mtu huyo bega lake moja linaishi ghorofani?"

Niliyatazama tena. Moja lilikuwa limelizidi jingine kwa upana wa vidole viwili.

"Ulipima wapi?"

"Nilikadiria."

"Ulikadiria! Njoo hapa. Fumba macho."

Alichukua mkono wangu wa kulia akauweka kiunoni kwangu mwenyewe. Akaniambia nibonyeze mpaka nipate mfupa, kisha niufuate. Nikaupata ukingo wa nyonga, ule ambao mama hupumzishia mtoto anapombeba ubavuni. Akaniambia niufuate kwenda mbele mpaka ulipoishia kwenye ncha. Kisha nishuke ubavuni mwa paja mpaka nikute nundu ngumu, na niinue mguu kidogo nione jinsi nundu ile inavyozunguka chini ya vidole. Kisha pia ya goti. Kisha kinundu kilicho chini yake, mahali ambapo mtu hupigia magoti. Kisha vifundo viwili vya mguu, cha ndani na cha nje.

"Kipi kiko chini zaidi?" aliuliza.

"Viko sawa."

"Pima, usikadirie."

Nilipima. Cha nje kiko chini zaidi. Nilikuwa nimeishi na vifundo hivyo miaka kumi na saba bila kujua. Mzee alicheka, akasema, "Nyama hunenepa na kukonda, lakini mfupa utaukuta pale ulipouacha." Akaniambia nirudi kesho, niache twiga wapumzike.

Midomo yake niliielewa kesho yake. Tulikuwa tunamvika mgonjwa soksi ndefu nyembamba, halafu tunatia alama juu ya kila mfupa kwa penseli ya zambarau, ile inayolowanishwa kwa mate ndipo iandike. Ukifunga bendeji ya plasta, ile ya kufungia mifupa iliyovunjika, juu ya soksi, alama zinahamia kwenye plasta. Ikikauka unaivua, na ukijaza ndani uji wa plasta, zinahamia tena kwenye umbo la ndani. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kurudi kwao na mifupa yake ikabaki mezani kwako. Penseli hiyo niliilamba miaka yote, na mke wangu alizoea.

Nilihitaji watu wa kufanyia mazoezi, na nyumbani nilikuwa nao watatu. Jioni kabla ya kula niliwapanga kwenye benchi, mkubwa mpaka mdogo, nikawapapasa magoti na vifundo na kuwatia alama. Kioko alikuwa anatekenyeka, anaanguka benchi kabla sijamgusa. Ndanu alidai atiwe alama na puani. Mutheu alikuwa mvumilivu, lakini kesho yake alirudi kutoka shule na barua ya mwalimu: mtoto ana madoa ya zambarau kwenye magoti yote mawili, tafadhali apelekwe hospitali haraka. Nami niliipeleka hospitali, kwa Fundi Maingi. Aliisoma mara mbili, akaipigilia ukutani kwa msumari, na ilikaa pale mpaka ukuta ulipopakwa rangi upya.

Makosa yangu ya miaka ya kwanza ni mengi, nitawapa mawili yenye faida.

La kwanza ni la mwalimu wa kwaya aliyekatwa chini ya goti. Nilimtengenezea mguu uliokaa vizuri mbele, vizuri nyuma, nikajisifu. Baada ya wiki mbili alirudi akiwa na kidonda upande wa nje, chini kidogo ya goti. Hapo kuna kichwa cha mfupa mwembamba, kidogo kama kokwa ya ukwaju, na nyuma yake tu unapita mshipa wa fahamu. Nilikuwa nimesahau kukiachia nafasi. Mwalimu hakunigombeza. Alisema tu kwamba Jumapili ile sauti ya kwanza aliiimba juu kuliko ilivyoandikwa, na kwaya nzima ikamfuata. Tangu siku hiyo kichwa hicho nakitia alama kabla ya kingine chochote.

La pili ni la mzee aliyetoka kijiji cha Kiboko. Nilipima urefu wa mguu wake mzima akiwa peku, nikatengeneza wa bandia ulingane. Nilisimama nyuma yake, mkono mmoja kila upande juu ya ukingo wa nyonga, na viganja vyangu vilikuwa sawa kama maji kwenye karai. Akaenda kwao akifurahi. Mwezi uliofuata alikuja akichechemea.

"Mguu wako ni mzuri kupanda mlima," aliniambia. "Tatizo ni kurudi. Nikigeuka kuelekea nyumbani nataka kuanguka."

Nilimtazama miguuni. Mguu mzima ulivaa akala, zile ndara za tairi la lori, nene kama kitabu cha nyimbo. Wa bandia ulikuwa na soli nyembamba niliyoupa mimi. Njia ya shamba lake ilipanda ikikata mteremko kwa pembeni: akienda mguu mfupi ulikuwa upande wa juu, akirudi ulikuwa upande wa chini. Mpimeni mtu na viatu atakavyokwenda navyo nyumbani, hata kama vinanuka.

Sasa nifike kwenye mfupa wa kukalia. Mtu aliyekatwa juu ya goti habebi uzito kwenye ncha ya kisiki, yaani kipande cha mguu kilichobaki. Anabebwa na mfupa wa kukalia, ule ule unaowauma kanisani mahubiri yakirefuka. Ukingo wa kikombe cha mguu, kile kinachovalishwa kisiki, lazima uwe na kirafu kidogo kama kibao cha kukalia, na mfupa huo lazima uketi juu ya hicho kirafu, si mbele, si nyuma, si pembeni. Kuutafuta ni rahisi. Mgonjwa anasimama ameinama kidogo, fundi anapitisha kiganja chini ya mkunjo wa tako, anapandisha vidole mpaka vikutane na mfupa. Ni kazi ya nusu dakika. Lakini hakuna namna ya kuifanya huku umeangalia dari, na kwa hiyo hapa ndipo heshima na kazi zinapogongana.

Mwikali nilimpata Kyuso, nilipotumwa huko kupeleka mguu wa mfugaji. Nilipotaka kumwoa, sikuwa na baba wa kunisemea wala mama wa kubeba kiondo. Fundi Maingi alivaa koti na kwenda kama baba yangu. Wazee wa upande ule walitutazama, mmoja akauliza, "Na mama wa kijana ni nani?" Mutheu, ambaye alikuwa na miaka kumi na sita, alisimama na kiondo chake akasema, "Ni mimi."

Wazee walianza kunong'ona. Ndipo tukasikia kicheko nyuma ya mlango wa jikoni, na sauti ya mwanamke ikasema, "Mwacheni huyo mama apite, viazi vinapoa."

Sauti hiyo ilikuwa ya mama mkwe wangu. Uso wake sikuuona siku hiyo, na baadaye nilijitahidi nisiuone sana. Kwetu heshima ya wakwe inaitwa nthoni. Mkwe mume hamsogelei mama mkwe, hamgusi, hapiti mlango wake wa ndani. Siku hizi wengi wanasalimiana kwa mikono baada ya ibada na hakuna anayeanguka. Lakini mama mkwe wangu ni wa zamani, nami nilikuwa na sababu ya kumheshimu kuliko wengine. Kwa miaka mingi aliniambia mambo yote kupitia kwa Mwikali, hata tukiwa hatua tano mmoja na mwingine.

Mwaka mmoja, akivuna ndengu, aliumwa na bafe, yule nyoka mnene mvivu asiyemkwepa mtu. Gari lilichelewa kupatikana. Walimwokoa, lakini mguu wa kushoto ulikatwa juu ya goti.

Alipopona kidonda alikaa kwake kwenye kigoda. Mwikali alienda kumwona, akarudi na maneno yake. Mama alisema mvua ya Novemba ikimkuta kwenye kigoda, shamba litapandwa na watu wengine, na mtu ambaye shamba lake limepandwa na wengine mwaka mmoja hupandiwa maisha yake yote. Alitaka mguu. Ulikuwa mwezi wa tisa.

"Basi aje," nilisema.

"Atakuja," alisema Mwikali. "Lakini anauliza nani atampima."

Hapo ndipo tulipokwama. Karakana yetu wakati huo haikuwa na mwanamke hata mmoja. Mikono iliyoujua mfupa wa kukalia ilikuwa ni yangu na ya Fundi Maingi aliyestaafu. Mimi ni mkwe. Na Maingi, kwa kuwa alivaa koti akaenda kama baba yangu, naye alikuwa mkwe. Nilipendekeza Nairobi. Jibu lilirudi siku hiyo hiyo: hawezi kwenda kushikwa mahali pale na mtu asiyejua hata ukoo wake.

Tuliamua Mwikali ndiye apime, mimi nikielekeza kutoka nyuma ya pazia. Mwikali ni mshonaji, vipimo anavijua. Nilimwelezea mezani nyumbani, nikamchorea kwenye karatasi ya unga. Siku ya kupima nilisema, yeye akafanya, soksi ikavikwa, alama zikatiwa, plasta ikafungwa. Nilitengeneza mguu kwa uangalifu kuliko mwingine wowote. Baada ya wiki mbili mama mkwe alisimama juu yake nyuma ya pazia, akashika zile nguzo mbili zilizolazwa sambamba za kufanyia mazoezi, akajaribu kuuegemea.

"Mwambie fundi," alisema, "mimi nilitaka mguu wa kuukalia. Huu ndio unanikalia mimi."

Nilitazama umbo la plasta. Mwikali alikuwa ametia alama kwenye ile nundu ya nje ya paja. Kirafu kilikuwa pembeni kabisa, hakikubeba kitu. Hakuwa na kosa. Kwa kidole kisichozoea, nundu ile hujitokeza kwanza na kusema ni mimi. Kosa lilikuwa langu, kumfundisha mtu mfupa kwa karatasi ya unga.

Mwezi wa kumi ulikuwa umeanza na mawingu yalikuwa yanajikusanya mchana. Nilimwomba Fundi Maingi aje atusaidie mawazo. Kioko akamleta mama mkwe kwa pikapu, na kwa kuwa Mama Halima alikuwa na mkanda wa mguu wa kubadilisha, akapanda naye. Mama Halima alikatwa juu ya goti miaka mingi nyuma, kabla hajahamia Kyuso, na mguu wake aliutoa mbali. Alikuwa akituambia kila mara kwamba unamsumbua, na kila mara nikisema nimpime upya alikataa.

Fundi Maingi alisema kidole hufundishwa na kidole. Kwa hiyo mimi niliinama juu ya meza ya karakana, na Mwikali akautafuta mfupa huo kwangu.

"Hapa?"

"Juu kidogo."

"Hapa?"

"Ndani. Hiyo ni nyama."

"Iko nyingi, Kyalo. Hapa?"

"Hapo! Shika hapo, usiachie."

Mlangoni, mgongo wa Kioko ulikuwa unatikisika. Fundi Maingi aligeuka akatazama dirisha. Nyuma ya pazia ikatoka sauti.

"Mwikali, muulize fundi. Leo mmekuja kunipima mimi, au mmekuja kupimana?"

Mama Halima alicheka mpaka akashika ukuta. "Wallahi, mimi nitarudi kila wiki," alisema.

Mwikali alienda nyuma ya pazia na kidole chake kilichofundishwa. Tukamsikia akitafuta. Mara alisema ameupata, mara alisema ameupoteza. Mama alikuwa ameanza kuchoka kusimama kwa mguu mmoja.

"Mwaitu, tulia kidogo tu," Mwikali alimwambia mama yake.

"Nimetulia. Wewe ndiye unahangaika kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga." Kisha sauti yake ikawa ya mtu anayekumbuka jambo. "Mwikali. Unakumbuka tukienda mtoni kiangazi? Tunachimba kisima mchangani, tunakaa kungoja maji yajikusanye?"

"Nakumbuka."

"Tukiondoka tunaacha nini?"

Mimi nilijibu, tena kwa sauti, nikisahau kwamba hatuongei. "Mashimo mawili."

"Basi mwambie fundi alete mchanga," alisema mama mkwe wangu.

Nje kulikuwa na rundo la mchanga wa mto, wa kujengea wodi mpya. Nililijaza karai pana, nikanyunyiza maji mpaka mchanga ukakubali kushikana, nikausawazisha kwa ubao. Kioko alilibeba akiingia kinyumenyume. Mwikali alitandika leso nyepesi juu yake, mama akakaa kwa uzito wake wote, akahesabiwa mpaka thelathini, akainuliwa. Karai likarudi upande wetu wa pazia.

Mimi na Fundi Maingi tuliinama. Mchanga ulikuwa na mashimo mawili, kila moja kama chini ya kikombe cha chai, lililo safi kuliko alama yoyote niliyowahi kutia kwa penseli. Na mbele ya la kushoto ulionekana mfereji mfupi mahali kisiki kilipolala. Niliweza kusoma mfupa uko umbali gani kutoka katikati na unaelekea wapi ukilinganisha na paja. Nilimwaga uji wa plasta mle ndani, na baada ya dakika kumi nilikuwa na mfupa wa kukalia wa mama mkwe wangu mkononi, bila kumvunjia heshima mtu yeyote.

Fundi Maingi aliushika akaupapasa huku macho amefumba, kama alivyonifundisha mimi.

"Miaka yote hii," alisema, "tumekuwa tukiwapapasa watu, na kumbe ilitosha wakae."

"Na mimi nileteeni karai," alisema Mama Halima. "La mchanga mpya."

Tuliwapima wote wawili siku hiyo. Hiyo ndiyo asili ya karai la mchanga lililo chini ya meza ya tatu, ambalo wengine wenu mmekuwa mkilitumia kuzimia sigara. Wamelikalia maaskofu, wake wa wachungaji, wazee wa Kiislamu kutoka kaskazini, na diwani mmoja aliyeacha mashimo makubwa kuliko wote. Sasa mnayo mashine ya kupiga picha kisiki ikachora kwenye kompyuta. Ni nzuri, sina neno nayo. Lakini mashine nayo inataka mtu avue nguo, na stima ikipotea mchanga haupotei.

Sasa ile siku niliyoanza nayo. Ilikuwa siku ya kuvaa mguu mpya, wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi. Walikuwepo wale wale sita, kwa kuwa Mama Halima naye alikuja kuchukua wake. Pazia tulikuwa tumelifunga kati, lakini safari hii mama mkwe alilitazama akamwambia Mwikali alisogeze, kwa sababu kutembea huku unagonga kitambaa si kutembea. Nikasimama mwisho wa nguzo, nimeangalia sakafu.

Ilibaki kuhakikisha nyonga ziko sawa. Kwa kawaida ningesimama nyuma na kuweka viganja. Mwikali alimfunga mama yake mkanda juu ya kingo mbili za nyonga, na Fundi Maingi akatoa pima maji ya waashi aliyoazima kwa wajenzi wa wodi. Mwikali akailaza juu ya mkanda, akatangaza kwamba kitone cha hewa kiko katikati, "karibu."

"Karibu ni wapi?" aliuliza Maingi.

"Karibu na katikati, mzee."

Mama mkwe hakungoja mjadala. Aliachia nguzo zote mbili akapiga hatua. Ya kwanza ilikuwa nzuri, ya pili pia. Uso wake, niliuona, maana nilikuwa nimeinua macho bila ruhusa. Alikuwa anatazama mbali kupita ukuta, kama mtu anayeangalia mpaka wa shamba lake. Hatua ya tatu ncha ya kiatu ilikwaruza sakafu, naye akaja mbele mzima mzima.

Mikono yangu iliondoka bila kuniuliza. Nilimdaka kwa viganja viwili, juu ya kingo mbili za nyonga, mahali pale pale nilipowadaka watu maisha yangu yote. Akasimama. Nami nikasimama. Hata Kioko alikuwa amegeuka. Nilipaswa kuachia mara moja, lakini mikono ya fundi ni mijinga, ilikuwa inasikiliza. Na mdomo nao ukafuata.

"Mguu umezidi nusu inchi," nilisema.

Mama mkwe wangu alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Kwa hiyo ulikuwa unapima," alisema.

Alinyoosha kidole kwa Fundi Maingi, akakizungusha kwa Mwikali, kwa Kioko, kwa Mama Halima, akiwahesabu mashahidi.

"Blanketi moja," alisema. "Na mbuzi. Mbuzi mzuri, si wale wa kupewa mgeni."

Ndiyo fidia ya kuvunja nthoni, na alikuwa na haki. Kicheko kilichofuata kilimleta muuguzi mbio kutoka wodini. Nilipunguza ile nusu inchi siku hiyo hiyo. Akatembea kutoka nguzo mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka kwenye pikapu, Kioko akimpisha kama anampisha jaji. Mvua ilipofika Kyuso ilimkuta shambani, akiwa na akala mguu mmoja na akala mguu wa pili, kwa sababu kuhusu viatu nilikuwa nimejifunza. Alipanda ndengu mwenyewe, mstari kwa mstari. Walioona wanasema alikuwa akifika mwisho wa mstari anasimama bila sababu, anasimama tu.

Blanketi nililipeleka Desemba hiyo, akalipokea. Mbuzi pia nilimpeleka. Alitoka nje, akamshika mgongoni, akashusha mkono mpaka kwenye nyonga, akabonyeza kwa vidole viwili huku macho amefumba. Sijui nani alimfundisha.

"Mwambie fundi ukingo wa nyonga umetokeza," alimwambia Mwikali. "Huyu bado. Arudi naye, aje mwakani."

Mwaka wa pili nilimpeleka mwingine. Mifupa ya kukalia ilionekana kwa mbali, alisema. Mwaka uliofuata mbuzi alikuwa mnene, hata mimi niliridhika, lakini mama mkwe alimpapasa mpaka akapata nundu ya paja, akasema imepatikana upesi mno. Kila mwaka tunakaa siku tatu kwake, anatupikia, anatufungia ndengu za kurudi nazo, na mbuzi anarudi kwenye pikapu akiwa ameshiba kuliko alivyokuja. Mutheu, yule aliyekuwa mama yangu akiwa na miaka kumi na sita, aliniambia mwaka jana, "Kaka, wewe huoni? Akimpokea huyo mbuzi, utakwenda tena kwake kufanya nini?"

Fundi Maingi alitutoka miaka michache iliyopita, na katika mazungumzo yetu ya mwisho aliuliza kama nimelipa. Nilimwambia bado. Alifurahi.

Sasa nimestaafu na nina wakati. Nyuma ya nyumba nimemfunga beberu mweupe, namlisha majani ya maharagwe na maganda ya ndizi, na kila asubuhi nafumba macho nampapasa kutoka kiunoni kwenda chini kama nilivyofundishwa. Leo asubuhi ukingo wa nyonga sikuuona kabisa kwa macho. Kwa kidole niliupata, lakini ilibidi nibonyeze.

Desemba nampeleka Kyuso. Naye mama mkwe atabonyeza zaidi yangu.